Saa Iliyomo Ndani ya Kompyuta ya Baba

Mtoni, Dar es Salaam
21 Agosti 1994

Eufrazia,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Mama analijua nusu. Nusu nyingine ni yangu peke yangu, na nakupa wewe kwa sababu uko Songea na sitauona uso wako ukisoma.

Mie ndiye ninayeandika salamu za Baba.

Wewe ulikuja msibani na mama yako, mkakaa kwenye mkeka uani, kwa hiyo ya kifo chake sikuelezi. Usilolijua ni kwamba kaka Mbwana hajaambiwa. Yuko kule Poona, India, mwaka wake wa mwisho wa uhandisi wa umeme, na mitihani ni mwezi wa kumi na moja. Siku ileile ya mazishi Ami Badru, mdogo wake Baba, alisimama ukumbini akasema, "Habari ya msiba haitumwi kwa posta. Mtoto ataambiwa akirudi, na mtu mzima, akiwa amekaa chini na maji ya kunywa yapo karibu." Wakubwa wote wakasema ndivyo. Mama akanigeukia: "Raudha, wewe una mwandiko. Mwandikie kaka yako sie hatujambo, na baba yake hajambo."

Hiyo ndiyo nusu ya Mama. Yangu ni hii: Mama alisema niandike "hajambo" tu, lakini mie naongeza. Naandika Baba kasema hivi, Baba kacheka vile. Barua iliyopita Baba alimtania Mbwana kwamba wali wa Kihindi umemnenepesha mpaka picha haikumtosha. Nilipomaliza kuandika hilo nikacheka, Eufrazia. Nikageuka kumtazama kama naye kacheka.

Halafu kuna ile kompyuta. Unaikumbuka, ile inayochomekwa kwenye televisheni, Baba aliyoinunua kwa Mzungu wa bandarini aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao. Baba alikuwa akichapia karatasi ya nyakati za swala ya msikiti wetu, kila mwezi, na nakala moja lazima iende kwa Mbwana; ya mwezi huu wa nane aliiacha ameshaichapa. Ndani yake ina saa. Umeme ukikatika, na huu mgao unatukatia kila leo, kuna betri ndogo humo ndani inayoilisha hiyo saa isisimame. Nikitoka shule, Mama akiwa chumbani kwenye eda yake, naiwasha. Sichapi kitu. Naangalia saa tu. Baba aliiweka kwa vidole vyake, na haijasimama tangu hapo. Kila ninapoiwasha naona kama kuna mtu alikuwa ananingoja, hakulala.

Usimwambie mtu.

Raudha


Songea
1 Septemba 1994

Raudha wee,

Barua yako nimeisomea chooni, maana humu bwenini hakuna siri. Monica wa kitanda cha juu ananing'iniza kichwa kama popo kila nikifungua bahasha. "Ni ya mvulana? Ni ya mvulana?" Nimemwambia ndiyo, anatafuta mchumba mwenye kichwa kikubwa, nikutaje?

Kwanza pole tena. Pili nikuseme. Yaani wewe! Wewe uliyekuwaga huwezi kumwambia mwalimu kalamu imeisha wino, unakaa kipindi kizima unajifanya unaandika, leo unamsemea marehemu? Makubwa. Mie na mdomo wangu wote huu nisingethubutu.

Sasa nisikilize bila utani. Hata kwetu wanafichaga. Babu alipofariki, kaka yangu Sebastian alikuwa jeshini. Wazee wakasema asiambiwe, na mie ndiye niliyekuwa naandika "babu anakusalimu". Sebastian akarudi likizo na shati jipya, kamnunulia babu. Unajua alimkasirikia nani? Si wazee. Wazee aliwaamkia. Alinikasirikia mie. Alikaa na lile shati mapajani akaniuliza, "Na zile salamu, ulikuwa unazitoa wapi?" Mpaka leo akiniandikia ni mistari miwili.

Kwa hiyo acha kuongeza. Andika "hajambo" kama ulivyotumwa, nyamaza. Utampoteza na huyo mwingine.

Na hiyo mashine izime. Nikikufikiria umekaa nayo peke yako nasikia baridi, na huku Songea baridi ipo ya kutosha.

Eufrazia


Mtoni
11 Septemba 1994

Kaka Mbwana, shikamoo.

Sie huku hatujambo. Mama hajambo, yupo ndani. Baba hajambo. Mkono wake wa kulia umevimba kidogo, ndiyo maana haandiki mwenyewe na mie ndiye mkono wake. Amesema usianze kuwaza, waza masomo.

Karatasi ya mwezi huu imechelewa kwa sababu ya saa ya kompyuta. Zamani umeme ukikatika ilikuwa inaendelea yenyewe. Sasa kila ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kama mtu anayesinzia akishtuka anamalizia sentensi yake. Nje leo ni tarehe kumi na moja, ndani ya mashine bado ni tarehe sita. Watu wa msikiti wamekuja kuulizia karatasi yao, na Ami Badru amewaambia wavumilie.

Baba anauliza kama ni betri. Na anauliza kama betri inaweza kubadilishwa bila saa yenyewe kupotea. Hilo amelirudia sana, naomba ulijibu.

Mdogo wako,
Raudha


Poona
22 Septemba 1994

Shikamoo Baba,

Pole na mkono. Lakini Baba, wewe ni karani, unabeba nini huko bandarini mpaka mkono unavimba? Mwachie Ami Badru kubeba. Ana mabega yale na hayana kazi.

Ni betri. Na haifai kusubiri. Betri za aina ile zikizeeka zinatapika dawa ya kijani, na hiyo dawa inakula zile njia nyembamba za shaba. Ikifika kwenye chipu basi, si saa tu, kompyuta yote imekwenda.

Raudha, bisibisi utashika wewe, Baba akusimamie. Chomoa waya wa ukutani. Fungua skrubu za chini, inua mfuniko taratibu, kuna utepe unaounganisha vitufe usije ukaukata. Pembeni utaona betri, kitu cha bluu kama pipi nene, na karibu yake kichuma kidogo kinachong'aa. Hicho kichuma kinatetemeka wakati wote, na chipu iliyo jirani inahesabu mitetemo yake. Saa yote ni hiyo, kutetemeka na kuhesabu. Ipeleke kwa fundi redio aikate ile betri, asafishe ukijani kwa siki kidogo, kisha aweke betri tatu ndogo za dukani kwenye kasha lenye nyaya. Asisahau dayodi, ule mlango wa upande mmoja. Betri ya zamani ilikuwa inachajiwa na kompyuta yenyewe, lakini hizi za dukani ukizichaji zinapasuka.

Saa itafutika, Baba. Hakuna namna. Utaiweka upya, na najua utaiweka mwenyewe, hujapata kumruhusu mtu aiguse, hata mie niliyekisoma kitabu chake chote.

Karatasi zako zote nimezibandika ukutani. Jamaa mmoja Mkenya ananicheka, eti naswali kwa saa za Mtoni. Mwezi wa tisa pako patupu. Nikiamka jicho linakwenda pale.

Mwanao,
Mbwana


Mtoni
2 Oktoba 1994

Eufrazia,

Ushauri wako niliusikia na sikuufuata. Hasira zako zitunze, nitazikuta Desemba.

Jana nimeipeleka kompyuta kwa Nikodemu, yule fundi redio wa Mtongani, nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Redio gani hiyo imeota meno yote haya?" Nikamwambia ni kompyuta. "Ya nani?" "Ya Baba." "Baba nani?" "Mzee Mwishehe." Akasema, "Huyo si ndiye tuliyem..." akaacha hapo, akafuta mikono kwenye suruali, ndipo akaishika.

Alipofungua tukaona. Betri imetapika kweli, ukijani umetambaa mpaka karibu ya chipu. Kakamata mkasi. "Binti, nikikata hapa saa inakufa. Nikate?"

Unanijua. Nikaitikia kwa kichwa, lakini kikayumba pembeni, akadhani nimekataa, akaweka mkasi chini. "Sasa umenileteaje? Nikate au nisikate?" Kulikuwa na watu wawili wanangoja redio zao, wote wananitazama. Mmoja akasema, "Mwambie akate bwana, mechi inaanza."

Nikasema kata.

Nimelisema kwa sauti, Eufrazia. Kabla ya hapo sijui kama niliwahi kusema lolote kwa sauti kuhusu Baba tangu afe. Neno langu la kwanza likawa hilo.

Leo asubuhi nimeiweka saa. Kitabu chake ni cha Kiingereza na msomi wa nyumba ni mie. Baba hakutaka saa ya Kizungu hata ndani ya mashine, saa nne ilikuwa saa nne, kwa hiyo nikaandika nne. Ikaniuliza a.m. au p.m. Nikaandika a.m. kama Madam alivyotufundisha, asubuhi. Ikakubali. Lakini sasa nikiitazama naona saa, basi. Hakuna mtu.

Nikiwa najaribu vitufe Mama akaita kutoka chumbani, "Nani anachapa huko?" Nikasema ni mie. Halafu akasema, "Haya." Ungeisikia ile "haya" yake.

Raudha


Mtoni
7 Oktoba 1994

Kaka Mbwana, shikamoo.

Tumefanya ulivyosema. Fundi alikuwa na dayodi. Tumezima na kuwasha, umeme umekatika umerudi, saa inakwenda.

Karatasi ya mwezi huu hii hapa. Baba ameichapa mwenyewe jana Alhamisi, baada ya magharibi, umeme uliporudi. Mkono umepata nafuu. Saa pia ameiweka mwenyewe, mie nilishika taa tu. Anasema uswali, usome, na wasichana wa Poona uwaone kwa jicho moja, hilo jingine liwe kwenye kitabu.

Mama anakusalimu.

Mdogo wako,
Raudha


Poona
19 Oktoba 1994

Raudha, mdogo wangu,

Hii isome peke yako.

Karatasi imefika jana. Nimeibandika, kisha nimeketi chini yake na sijatoka. Chini kabisa, pale mashine inapoandika yenyewe, imeandika: imechapwa Alhamisi, tarehe 6, saa 1.20. Na wewe umeniandikia ilichapwa baada ya magharibi.

Kwa Baba, jua likizama siku imekwisha. Magharibi ya Alhamisi kwake ni Ijumaa tayari. Ulikuwa mdogo sana kompyuta ilipoingia nyumbani, hukumbuki tulivyobishana. Nilimwambia mashine inabadili siku usiku wa manane. Akasema, "Basi usiku wake wa manane uwe magharibi." Nikamwambia haiwezekani, akaniambia, "Wewe umesoma kitabu, mie nimesoma jua." Aliiweka asubuhi, na ilipouliza akaandika p.m., ili siku igeuke jua likizama, kwa sababu kwake usiku unatangulia na mchana unafuata nyuma. Nimezishusha karatasi zote ukutani. Kila aliyoichapa Alhamisi baada ya magharibi imeandikwa Ijumaa. Kila moja.

Nilitafuta sababu, Raudha. Nikasema ni mkono. Nikasema amechoka, amekosea kitufe. Lakini Baba aumwe nini hata asahau Ijumaa?

Nikazitoa barua zako. Ule utani wa wali na picha. Baba hajapata kunitania mwili maisha yake yote. Utani ule ni wako. Nilicheka sana siku ile, nikawasomea wenzangu, nikasema mwaona baba yangu alivyo.

Sikuulizi kama amefariki. Nakuuliza nani alimuosha. Nani alishuka kaburini kumpokea, pale nilipotakiwa kuwa mie. Alisema nini mwisho. Niandikie kilichotokea, na usiongeze neno hata moja la kunifurahisha.

Mama na Ami Badru wasijue kwamba najua. Wanadhani wananibebea mzigo. Waache mpaka nimalize mtihani, wakinikalisha chini kuniambia nitasikiliza kama sijasikia.

Saa usiiguse. Iende na kosa lake hivyohivyo. Kumuosha sikumuosha. Kuirudisha saa yake kwenye magharibi, kazi hiyo niachieni.

Nilitaka kuandika kwamba sijakukasirikia. Nimekukasirikia. Lakini andika.

Mbwana


Mtoni
4 Novemba 1994

Kaka Mbwana, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sijazoea kuandika bila Baba kusema kitu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba. Presha ilimwangusha kazini, wenzake wakamleta. Hospitali walimlaza siku moja wakaturudishia, wakasema akae kwake. Akafariki Alhamisi, kabla ya alasiri. Mama alikuwa upande wa kichwa, mie miguuni.

Mwisho hakusema kitu. Najua unataka neno, na mie ndiye hodari wa kumpa maneno, lakini hakusema. Tangu Jumanne alikuwa hasemi. Ila vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinatembea juu ya shuka. Mama alisema anavuta uradi, kama mwenye tasbihi mkononi. Mie nilidhani anachapa. Sijui, kaka. Mkono huohuo ndio nilikuandikia umevimba. Haukuvimba. Nilishindwa kuutaja bila kuusingizia kitu.

Aliyemuosha ni Ami Badru na mwosha wa msikitini. Mlango ulifungwa, nilisikia maji tu. Ami alipotoka kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, akaomba chai, akaishika mpaka ikapoa hakuinywa.

Makaburini sikwenda, wanawake hatuendi, kwa hiyo hili nimesimuliwa. Kaburini alishuka Ami Badru na Jamali, yule wa jirani uliyekuwa unacheza naye mpira. Watu waliuliza mtoto wake wa kiume yuko wapi. Ami akajibu, "Yuko njiani." Wengine wakataka wakungoje. Jamali ndiye aliyeniambia hivyo. Aliporudi alinawa miguu nje ya mlango wetu muda mrefu, hakuniangalia, akasema, "Nilisimama pale kwa ajili ya Mbwana, mwambieni asinichukie." Sikukuandikia. Nilikuandikia habari za wali.

Rafiki yangu Eufrazia alinionya kwamba utanichukia mie na si wazee. Sikuombi usinichukie. Naomba tu usinikatie barua zikawa mistari miwili.

Saa sijaigusa. Jana baada ya magharibi nilisimama mbele yake. Ikasema Alhamisi. Nikaiambia, "Ni Ijumaa." Nilisema kwa sauti, kwa adabu, kama unavyomkumbusha mtu mzima, na sijui nilikuwa namwambia nani.

Kuna jambo jingine, nalo hukuniuliza. Juzi Ami Badru aligawa nguo za Baba. Kanzu zimekwenda kwa watu wa msikiti. Makubadhi kayachukua yeye, kwa kuwa miguu yao ni sawa. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiburuta mguu wa kushoto. Kubadhi la upande huo limelika kisigino, na anayelivaa analiburuta vilevile, mwenyewe hajui. Tangu juzi anaingia na kutoka humu ndani. Mama akisikia anaacha kusema katikati ya neno, anasubiri, halafu anaendelea na jambo jingine kabisa. Hatujaambiana kitu. Nani atamwambia Ami avue?

Kuhusu kaburi, lipo upande wa ukuta, la tatu kutoka

Kaka, yanakuja. Yamepita uani. Yako ukumbini, moja linakanyaga, moja linaburuta. Ami hajui kama unajua, hatakiwi aione hii. Najua ni Ami Badru, nimemwona asubuhi akiyavaa, na bado nimesimama, shikamoo imeshanifika mdomoni, na si ya Ami. Yamesimama mlangoni. Naificha kifuani